Mke Mwenza wa Mkono wa Kushoto

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema ili usije ukashangaa kunikuta huko mbele nagombana na saa ya mkono. Wifi zangu wanalijua hilo tangu mwaka nilioolewa, na pale shuleni Mkolani nilikofundisha hadi nikastaafu wanalijua pia, maana mwalimu mwenzangu mmoja alimsifia mume wangu kwamba ana vidole vizuri, akakaa muhula mzima bila kuonja chai yangu. Vidole vyake ni vizuri kweli. Ni fundi saa. Ana meza yake Igogo, barazani kwenye duka la nyavu na kamba, meza yenye kisanduku cha kioo juu na taa ya shingo ndefu, na hapo amekaa miaka yote ya ndoa yetu akifungua vitu ambavyo mimi bila miwani hata kuviona siwezi.

Siku hizi kazi yenyewe imebaki kubadilisha betri na kukata mikanda. Watu wanaangalia saa kwenye simu. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam anayeleta saa kutoka nje alipopiga simu, mvua za vuli zilipoanza, mume wangu alisimama katikati ya kula, mkono una ugali. Kuna kiwanda, yule bwana alisema, kimetoa mashine mpya ya saa. Haina betri, inakwenda kwa springi, na ndani yake mna stopuwochi. Alitaka kuagiza nyingi, lakini mashine ilikuwa ngeni, hakuna aliyejua kama itadumu. Akaomba mtu anayezijua saa aivae moja kwenye vumbi la Mwanza na unyevu wa ziwa mpaka mvua za masika ziishe, kisha amwambie neno moja tu: inaaminika, au haiaminiki.

"Lete," mume wangu akasema. Hata bei ya kazi hakuuliza.

Saa ikaja kwa basi, boksi ndani ya boksi. Ilikuwa na uso mweusi, ndani ya uso huo kulikuwa na vijiuso vingine vidogo, na pembeni vitufe viwili, kimoja juu na kimoja chini ya kile cha kurekebishia majira. Nilikaa kwenye kochi nikamwangalia akiifungua. Aliishika kwa kitambaa. Aliigeuza. Alitabasamu, na mume wangu si mtu wa kutabasamu ovyo. Halafu akavua saa aliyokuwa nayo, akaivingirisha kwenye kitambaa kilekile, akaiweka kwenye droo ya kabati, na mkono wake wa kushoto akauvika ile nyeusi.

Hiyo aliyoivua nilimnunulia mimi.

Niliinunua mjini kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, nikampa siku ya harusi yetu. Wifi zangu walicheka hadi wakaegemeana. Fundi saa anapewa saa! Yeye hakucheka. Mbele ya watu wote, ndani ya suti ya kuazima, aliichukua, akaiweka sikioni kidogo, akasema, "Nzuri." Akaivaa. Tangu siku hiyo ilitoka mkononi kwa ajili ya kuoga na kulala tu. Ni saa ya kujazwa kwa mkono, na kila asubuhi, mimi nikiwa bado na usingizi wa mwisho, nilimsikia amekaa ukingoni mwa kitanda akikizungusha kile kitufe cha pembeni, krr, krr, krr. Wengine wanaamshwa na jogoo. Mimi niliamshwa na hiyo. Na haikuwahi kukosea. Nilijisifu nayo ofisi ya walimu mpaka wakachoka kunisikia: saa ya mume wangu haijawahi kupelekwa kwa fundi tangu tuoane. Alipokuja kunichukua shuleni waliilinganisha na kengele ya kutawanyika, na ilikuwa sawasawa.

Sasa ilikuwa droo moja na risiti za umeme, imefungwa kitambaa kama jino lililong'olewa.

"Kwa nini hiyo mpya usiivae kulia?" nikamuuliza.

"Mkono wa kulia ndio wa kazi. Itagongwagongwa, halafu nitajuaje kama kosa ni la mashine au ni langu?"

"Basi ile yangu ndiyo ihamie kulia."

"Mama watoto, nikivaa saa mbili si wataniona nimechanganyikiwa?"

"Mimi nitakuona mzima."

Alikuwa ameshaiweka sikioni.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, mama mmoja wa Musoma mwenye mdomo usiolala, ndiye aliyeipa jina. Alikuja kuazima mwiko, akamkuta mume wangu uani anaifuta saa kwa pamba, taratibu, mpaka kwenye pembe. "Dada," akaniambia kwa sauti ya kusikika, "umeletewa mke mwenza na bado unapika?" Nilicheka naye. Alipoondoka nikaenda kusafisha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke mwenzangu ningemwelewa: ningemfuata, tungeshikana, watu wangetuamua, mambo yangeisha. Saa utaifanya nini? Ilikula naye. Ilikwenda naye Igogo asubuhi na kurudi naye jioni. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilipokaribia alininyamazisha kwa kidole ili asikie mlio wa redio na kuona kama mishale inakubaliana nao, na ilipokubaliana alivuta pumzi kama mtoto kapewa maziwa. Na asubuhi palikuwa kimya. Mashine ile mpya haihitaji kujazwa. Mkono ukitembea inajijaza yenyewe. Niliamka nikisikiliza ukimya ule, naye yuko pale ukingoni mwa kitanda, anaiangalia tu.

Ule mshale mkubwa mwembamba wa katikati hautembei mpaka ubonyezwe kitufe cha juu. Watu wengi walidhani saa imekufa. Pale Igogo walimtania: fundi, umeshindwa kujitengenezea? Akawaonyesha kwamba sekunde za kawaida ziko kwenye kijiuso kidogo, na kwamba mkubwa ule ni wa kupimia tu: unabonyeza, unakimbia, unabonyeza tena, unasimama, unabonyeza cha chini, unarudi juu. Na hapo, alisema, ndipo saa za namna hii huugulia. Mashine dhaifu ikianza kupima inachoka, na majira yake yenyewe yanaanza kulegea. Au mshale unaruka badala ya kuanza polepole. Au unarudi nusu, haufiki juu. Kwa hiyo ilibidi aupime kila siku, mara nyingi.

Basi akawa anapima. Alipima maji ya chai mpaka yachemke. Alipima ugali. Alipima mahubiri ya Jumapili, na mchungaji akamwona, na mimi ndiye niliyeona aibu. Alipima kuku wangu anavyotoka kwenye mayai kwenda kula na kurudi. Alipima mvua iliyotoka upande wa ziwa mpaka ikagusa bati letu. Kila kitu katika nyumba ile kilibonyezewa kitufe isipokuwa mimi.

Jioni moja nilikwenda sokoni makusudi nikakaa huko mpaka muuza nyanya akaanza kufunga. Nikasema leo ataniuliza. Nikarudi kwa mwendo wa harusi, giza linaingia. Nilimkuta barazani, ameinama juu ya mkono wake.

"Haijaruka hata mara moja," akaniambia, macho yanang'aa. "Hata mara moja!"

"Na mimi je?"

"Wewe umefanya nini?"

Nilipika usiku ule bila chumvi. Akala akamaliza.

Lakini nisimsingizie kwamba alikuwa mjinga wa vitu vipya. Siku moja nilimuuliza, kwa ubaya, nikitumaini atababaika, "Kwani saa ikiaminika inakuwaje? Si ile isiyokosea?"

Akatikisa kichwa. Hakuna saa isiyokosea, akasema. Zote zinakosea, hata za bei ya nyumba. Saa mbaya ni ile inayowahi leo, kesho inachelewa, keshokutwa iko sawa. Hiyo hutajua kamwe iko wapi. Nzuri ni ile inayokosea namna moja. "Ikichelewa, ichelewe vilevile kila siku. Hapo unaijua. Ukishaijua unaishi nayo."

"Na hiyo yako?"

"Hii bado namtafuta. Mpaka sasa hana tabia mbaya."

Alisema hana. Nilisikia vizuri. Nikaanza kuiombea mabaya, na siombi msamaha kwa hilo. Niliiombea vumbi, niliiombea jasho. Alipoteleza kwenye tope nje ya lango na kuangukia kiwiko nilikimbia kumwinua, na jicho langu la kwanza lilikwenda kwenye saa. Ilikuwa inatembea.

Masika yalipokaribia kuisha, mama yangu alituma maneno kwamba anataka kutuona. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, na mama bado anakaa kwetu, mwendo mfupi kutoka Nansio mjini. Tukapanga kwenda, tulale siku mbili, turudi na boti ya asubuhi. Wakati wa kufunga mizigo nilifungua ile droo. Nikaitoa saa yangu kwenye kitambaa, nikaijaza, krr krr krr, nikaiweka sawa na mlio wa redio, nikaivaa mimi mwenyewe. Mkanda ulikuwa mkubwa, ilinicheza mkononi kama bangili.

Mume wangu aliiona tukiwa tumeshafunga mlango. Alisimama na ufunguo mkononi.

"Unakwenda nayo hiyo?"

"Kuna mtu anaivaa?"

Akautia ufunguo mfukoni, macho yako mkononi mwangu. Nilifurahi. Nikasema moyoni, sasa na wewe onja.

Kwa mama yangu, mkwe ni mkwe. Wapo siku hizi waliolegeza, wanakaa kochi moja na wakwe zao na kutazama mpira pamoja. Mama yangu hataki hata kusikia. Mume wangu husalimia kutoka mlangoni, macho chini, "Shikamoo mama," naye humjibu marahaba akiangalia pembeni. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Akitaka kumpa kitu anakiweka chini au kwenye kigoda, anarudi nyuma, ndipo mama anakichukua. Hambishii. Hamwombi kitu. Akiwa na neno la kumwambia hupitia kwangu, mimi ndiye daraja. Na mbele yake hanipingi hata mimi, maana kumpinga binti mbele ya mama yake ni kumpinga mama mwenyewe.

Mama alikuwa ameshasikia habari za saa. Sijui ni nani aliyempelekea, ila dada zangu wana simu. Tulipomaliza kula akaniambia, mkwe amekaa mita chache tu kutoka hapo, "Mwambie mwenzio nimeambiwa ana saa ya maajabu. Naomba niione."

Akavua. Nilimwona alivyovua, kidole kimoja kimoja. Akaiweka kwenye kigoda, akarudi nyuma. Mama akaichukua, akaisogeza mwangani, akaigeuza, akasema hii imetengenezwa na watu wenye subira. Kisha, kwa kuwa kitu cha mkwe hakirudishwi kwenye kigoda cha jikoni, akakitafutia mahali pa heshima. Na mahali pa heshima kuliko pote sebuleni kwa mama yangu ni juu ya sabufa. Wajukuu walimnunulia hiyo sabufa, spika kubwa nyeusi inayofika kiunoni, inatumia sola, na juu yake ametandika kitambaa cha kufuma na kuweka picha ya marehemu baba. Akailaza saa mbele ya picha ya baba. Halafu akawasha kwaya.

Mume wangu alinitazama.

Jamani, nilivyotazamwa! Macho yalikuwa yananiomba kabisa. Yalikwenda kwenye sabufa, yakarudi kwangu, yakaenda tena, yakarudi. Mimi nilimzalia watoto wanne, na uchungu wa yule wa kwanza ulinichukua usiku mzima, na sikuwahi kuona macho yale. Nikasema, tazama mtu mzima, saa imekaa hatua chache kutoka alipo na anataka kulia. Hasira zikanipanda. Nikageukia upande wa mama, nikamwambia, "Mama, ongeza sauti kidogo, huu wimbo naupenda."

Akaongeza. Mume wangu akainamisha kichwa.

Saa ikalala pale mpaka asubuhi. Mama alipoamka aliichukua mwenyewe, akaiweka mezani pamoja na sahani ya viazi vitamu, akaondoka. Mume wangu aliiruka ile sahani. Akaivaa, akalinganisha na simu, akasubiri, akalinganisha tena. Nilikuwa nafagia uani. Akanijia polepole.

"Inakimbia," akasema.

"Inakimbia vipi?"

"Inakwenda mbele. Sana."

Nilisimama na ufagio. Sitadanganya, ilikuwa asubuhi nzuri. Jua lilikuwa linatoka upande wa ziwa, kuku wa mama wanachakura, na mke mwenza wangu anakimbia hovyo. "Kwa hiyo haiaminiki," nikasema.

"Imeingia sumaku. Spika ina sumaku kubwa, springi yake nyembamba kama unywele imegandana. Si kosa lake."

"Si kosa lake!"

"Hata wewe ungelala juu ya..."

"Mbona hukusema tangu jana?"

"Nimwambie mkwe wangu atoe kitu alipokiweka? Nilikutazama wewe."

Kumbe ndiyo maana ya macho yale. Niliinama nikaendelea kufagia, maana sikutaka aone uso wangu, na pia sikuwa tayari kuacha kukasirika. Si kosa lake. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kunitetea hivyo kwa wifi zangu. Na ilikuwa kweli, hilo ndilo lililoniuma: tuliporudi Igogo aliipitisha kwenye kifaa chake cha kutolea sumaku kwa muda usiotosha kupiga chafya, na ikawa sawa kama vile haijawahi kuugua. Yule bwana wa Dar alijibiwa neno lake. Inaaminika, mume wangu alimwambia, mtu ataivaa na kuisahau. Lakini asubuhi ile Ukerewe mimi sikuyajua hayo. Nilijua jambo moja tu, kwamba amekiri kwa mdomo wake kuwa saa yake inakimbia.

Siku ya kuondoka tulikuwa sebuleni, mimi na mama tunaagana. Kuagana na mama yangu si jambo la kuharakisha. Kuna dagaa wa kufungwa, kuna machungwa, kuna maombi, kuna maneno ya shambani ambayo amesahau kuyasema siku zote mbili. Mume wangu alisimama mlangoni na mizigo.

"Boti inakaribia kuondoka," akasema, kwa adabu, akitazama chini.

Nikanyanyua mkono wangu, saa yangu, niliyoijaza kila asubuhi, ikateremka mpaka kwenye kiwiko. Niliirudisha nikaitazama. "Bado kabisa," nikasema. "Hiyo yako si umesema inakimbia? Yangu inasema tuna nafasi ya kutosha. Na hii haijakosea tangu nilipoinunua."

Simu ilikuwa kwenye mkoba. Sikuitoa. Ningeitoaje, nikiwa nimesema maneno hayo mbele ya mama?

Mama akatabasamu. "Saa ya binti yangu," akasema.

Mume wangu alinyanyua kichwa akanitazama, na safari hii hakunitazama kama mtu anayeomba. Sijui niseme alinitazamaje. Halafu alimwinamia mama, akachukua mizigo yote, na ya kwangu, akatoka. Nilimsikia akiita bodaboda.

Nikakaa tena. Tukaomba, tukalia kidogo, tukakumbuka ya shambani. Nilipotoka niliitazama saa yangu na bado ilikuwa mapema, kwa hiyo nikatembea kwa miguu. Njiani nilisimama kununua machungwa zaidi, nikachagua moja moja, nikamsalimia mama mmoja tuliyesoma naye. Nilijiona mshindi. Nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia nikimkuta amekaa gatini tangu alfajiri kwa sababu ya kuiamini nyeusi yake.

Nilipofika, boti ilikuwa mbali, ndogo, imeshaipa Nansio mgongo. Gati lilikuwa tupu. Walibaki wabeba mizigo wawili wanakunywa uji, na mume wangu amekaa juu ya gunia la viazi alilotupa mama.

"Imeondoka?" nikauliza, kana kwamba siioni.

"Imeondoka."

"Wewe mbona hukupanda?"

"Nipande niende wapi?"

Nikaweka machungwa chini. Nikamsogezea mkono wangu usoni kabisa. "Lakini tazama! Tazama inavyosema!"

"Lete."

Nikaivua nikampa. Akakivuta kile kitufe cha pembeni, akaisogeza mishale mbele. Hakuangalia simu, wala ile nyeusi, wala jua. Aliizungusha, akasimama panapotakiwa, akakirudisha kitufe. Nilitoa simu kwenye mkoba, nikaitazama, nikairudisha. Saa ilikuwa sawasawa.

"Umejuaje?"

"Siku mbili sijaigusa. Najua kwa siku mbili inabaki nyuma kiasi gani." Akaijaza, krr, krr, krr. "Hivi ndivyo naifanyia asubuhi."

"Unaijaza asubuhi."

"Naijaza. Na naisogeza."

Wabeba mizigo walikuwa wanacheka jambo lao. Nilikaa kwenye gunia, upande mwingine. Nikakumbuka ofisi ya walimu, na kengele ya kutawanyika.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilipoiweka sikioni nilisikia."

"Ukasema nzuri."

"Ningesema mbovu ungeirudisha dukani."

Nilimenya chungwa nikakosa pa kuliweka. Yeye akaendelea kuifuta saa yangu kwa shati lake, mpaka kwenye pembe. "Inachelewa," akasema, "lakini inachelewa vilevile, kila siku, toka tuoane. Haijanidanganya hata mara moja."

Ndipo nikaona, mkononi mwake, kwamba mshale mkubwa wa ile nyeusi unatembea.

"Hapo unapima nini?"

Akajaribu kuufunika kwa mkono wa shati. Mtu mzima. "Boti ilipofungua kamba nilibonyeza," akasema. "Nilijua saa yako itakuchelewesha kiasi gani. Nilitaka kuona wewe mwenyewe utaongeza kiasi gani juu yake."

"Nilinunua machungwa."

"Naona."

Nikaushika mkono ule wa kushoto, nikauvuta kwangu. "Kinabonyezwa kipi?"

"Cha juu."

Nikakibonyeza. Mshale ukasimama palepale. Sikutaka kujua umesimama kwenye ngapi. Nikaifungua saa nyeusi mkononi mwake, nikafungua mkoba wangu, nikaitupia ndani, juu ya simu.

"Usiiweke na simu," akasema haraka, "ina sumaku."

"Najua," nikasema.

Nikamvika yangu, nikakaza mkanda mpaka kwenye tundu lake la siku zote, tukala machungwa tukisubiri boti ya mchana.